Jina Lina Mwenyewe

Ukitoka mahakama ya Urfa ukavuka barabara, na usipogongwa na pikipiki ya muuza mkate, utafika kwenye benchi la Jemal. Benchi lenyewe limechoka, mguu wake mmoja ni tofali, lakini wanaolikalia hawachoki. Jemal ni mwandishi wa maombi. Ana mashine yake ya kuchapa juu ya kijimeza, na mtu mwenye shida ya kubadili jina, au aliyetukanwa na jirani, au anayegombania mtini na shemeji yake, humwendea yeye kabla ya wakili, kwa sababu wakili hukaa ghorofani na ngazi zake zinatisha. Wamemwita Muhuri. Kuliani kwake hukaa Vakkas, aitwaye Rufaa, kwa kuwa hajawahi kushindwa shauri akakubali kwamba ameshindwa. Kushotoni hukaa Okkesh, aitwaye Redio, na sababu yake mtaisikia wenyewe. Mbele yao husimama Abuzer na birika lake la shaba la kahawa chungu, ile nyeusi inayochemshwa ikachemshwa tena mpaka inakuwa nzito. Unapewa mafunda mawili kwenye kikombe kimoja kinachozunguka, ukimaliza unakirudisha mkononi mwake. Asubuhi hiyo, katikati ya benchi, alikuwa amebanwa mtu mwingine, fundi Halil wa soko la vyombo vya shaba. Alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, na macho yake yalikuwa kwenye kona ya barabara, ambako dada yake alitakiwa kutokea na mama yao.

— Atakuja, alisema Jemal. Acha kuikodolea macho hiyo kona, haijakukosea kitu.

— Kuja atakuja, alisema Halil. Mimi naogopa akishafika.

— Akishafika ni maneno mawili tu, bwana wee! Maombi ya namna hii nimeyachapa mpaka vidole vimeota sugu. Hakimu anamuuliza, mama, mwanao Halil yuko wapi? Yeye anajibu, Halil alikufa kwa surua, mtoto mdogo, hata ziwa hajaacha vizuri. Huyu aliyezaliwa baadaye tukampa karatasi ya marehemu. Basi. Hakimu anauliza tena, na huyu sasa aitwe nani? Mama anataja jina, karani anaandika, sisi huyooo, tunakwenda kula maini ya kuchoma.

Alivyosema ungedhani ni habari ya kwenda kununua nyanya. Na kwa kweli hakuna mtu kwenye benchi lile aliyeshangaa kusikia mambo ya karatasi ya marehemu. Zamani, huko vijijini, mtoto akifa baba hakuona sababu ya kupanda punda kutwa nzima kwenda mjini kumfutisha kwenye daftari la serikali. Cheti kilibaki ndani ya sanduku, na mwingine akizaliwa alipewa hicho hicho, kama anavyorithi shati la kaka yake. Wapo wengi Urfa wanaotembea na jina na umri wa mtu aliyekwisha kuzikwa, nao wanacheka tu.

Halil ndiye aliyeshindwa kucheka. Shati alilopewa lilimpwaya. Kwa kuwa karatasi ilimwongezea miaka, alipelekwa shule angali mtoto wa kulala mchana, akajikojolea darasani, na mwalimu akamchapa akisema baba zima hili. Jeshini alikwenda hajaota ndevu. Na kila sikukuu mama yake alimnunulia viatu vikubwa, akavijaza matambara mbele, maana alikuwa akipima mguu wa yule ambaye angekuwa mkubwa zaidi. Halil akivunja bakuli, mama alisema, "Halil hakuwa hivi." Mtoto akawa anajitahidi kukumbuka zamani alikuwaje, asikumbuke. Mpaka shangazi mmoja alipoteleza ulimi harusini ndipo akajua. Alikuwa kijana mkubwa wakati huo, na sasa ana wajukuu, lakini jambo hilo lilimuuma vile vile.

— Mimi nakwambia rudi nyumbani, alisema Vakkas Rufaa, akipokea kikombe kwa Abuzer. Hujui unachokitikisa. Ukithibitisha kwamba Halil alikufa mtoto, ndoa yako ilifungwa na nani?

— Na mimi.

— Wewe ulikuwa hujulikani! Kwenye ndoa ameandikwa Halil. Halil ni marehemu. Kwa hiyo mkeo ni mjane tangu siku ya harusi, na watoto wako ni watoto wa maiti. Kasome kifungu.

— Kifungu gani? aliuliza Jemal.

— Kipo.

— Cha ngapi?

— Muhuri, usinitoe kwenye hoja. Halafu kuna kashfa.

Benchi zima likaguna. Vakkas ukimwacha aongee, hata akianza na bei ya pilipili, atafika tu kwenye kashfa. Jirani yake Siddik alimwita punda mzee mbele ya watu waliopanga foleni ya mkate, na Vakkas akamshtaki, akashinda. Lakini siku ya hukumu hakimu alisoma maneno yote yaliyotamkwa, na Vakkas akasimama akasema kwamba sasa ametukanwa mara ya pili, tena na serikali. Tangu hapo anatafuta mahali pa kumshtaki hakimu.

— Kashfa ya nani tena, jamani? aliuliza Abuzer.

— Ya marehemu! Jina ni mali ya mtu. Hili la Halil ni la mtoto ambaye hakuwahi kumkosea hata sisimizi. Huyu bwana amelichukua, amelivutia sigara, amelitukania watu sokoni, amelilaza rumande mwaka ule walipopigana kwa ajili ya njiwa. Malaika wa watu ana faili polisi! Ningekuwa mimi yule mtoto, ningekudai fidia mpaka ukimbie mji.

Watu wakacheka, na Halil naye akatabasamu kidogo, lakini maneno yalikuwa yamemgusa pabaya. Alikumbuka mama yake alivyofika kituoni siku ile, akamwapia askari kwamba Halil hawezi kupigana, Halil ni mpole. Naye Halil alikuwa amesimama hapo hapo nyuma ya meza, mdomo umepasuka, damu zinamchuruzika kwenye shati.

— We Rufaa! Abuzer alipiga kelele. Umeweka kikombe chini!

Kweli, kwa kukolea hoja Vakkas alikuwa amekitua kikombe kwenye benchi, jambo lisilofanyika.

— Mashahidi mpo! alisema Abuzer. Aliyetua kikombe anamwoza mwenye kahawa. Nataka mke.

— Nitakuoza Siddik, alisema Vakkas. Chukua uende naye.

— Ndoa ni jambo dogo, alisema Okkesh Redio, ambaye muda wote huo alikuwa akijikusanya. Mimi nawaza jeshi. Jeshini alikwenda nani? Halil. Huyu mpya je, amekwenda? Hajakwenda! Leo hii hakimu akigonga meza, kesho gari la jeshi liko mlangoni.

— Na magoti haya? aliuliza Halil.

— Watakupa kazi ya kukaa, kumenya vitunguu. Halafu kuna hija. Ulikwenda Makka, fundi?

— Nilikwenda.

— Umemhijia mwenzio. Thawabu zimeandikwa kwa Halil. Na funga zako zote, na sala zako zote. Mtu mzima hovyo, huna hata rakaa moja kwa jina lako!

— Mungu hasomi karatasi, Redio, alisema Jemal.

— Mungu hasomi, lakini imamu anasoma. Siku ukifa, watu wakishaondoka makaburini, imamu anabaki peke yake anakusomea talkini. Anaita vipi? Ewe Halil, mwana wa Zemzem! Kwa jina la mama, si ndiyo? Haya, nani ataitika? Ataamka yule mdogo huko aliko, aseme labeka, aanze kuulizwa na malaika maswali yako wewe. Na wewe umelala pale unangoja kuitwa, mpaka kiyama, kama mtu aliyefika hospitali na jina lake halimo.

Okkesh alianza kucheka, kisha akauona uso wa Halil, akaacha. Abuzer akammiminia Halil kahawa ingawa haikuwa zamu yake. Halil akainywa, akakirudisha kikombe, akajifuta masharubu taratibu.

— Hayo unayosema kwa mzaha, Redio, mimi nayalalia, alisema. Mwaka huu mwezi wa nne mama aliugua homa. Nilikwenda mchana, nikamkuta anaita. Halil, Halil. Nikamshika mkono nikamwambia, nipo mama. Akafungua macho, akanitazama vizuri kabisa. Akautoa mkono wake. Akasema, si wewe.

— Homa hiyo, alisema Jemal. Mgonjwa huongea ovyo.

— Haikuwa homa, kaka. Anajua. Miaka yote hii anajua. Akiniita mimi, anamwita mtu aliyeko nyuma yangu. Mwanzo nilidhani amenichanganya na yule, nikasema si kitu, mama ni mama. Kumbe hajawahi kunichanganya hata siku moja. Basi kama mimi si Halil, yeye ndiye aliyenizaa, aniambie mimi nani. Sihitaji miaka yangu wanirudishie, wala siogopi jeshi lako, Redio. Nataka mama aniite jina langu mimi. Mara moja inatosha. Amebaki yeye tu aliyekuwepo siku ile niliyozaliwa. Akiondoka, hakuna mtu duniani wa kuniambia.

— Chukua langu, alisema Vakkas ghafla, sauti imemlegea. Vakkas. Jina zuri.

— Limetukanwa kwenye foleni ya mkate, alisema Abuzer.

— Limeshinda kesi!

— Jiite Sultani, alisema Okkesh. Ukianza upya uanze juu. Mimi ningekuwa wewe ningejiita majina manne, nikatumia moja kila majira.

— Nimekwisha kumwambia achague, alisema Jemal. Mtu huyu ameniaibisha. Safari iliyopita hakimu alisoma ombi, akafika pale penye nafasi tupu, akaniuliza mimi, mwandishi, tangu lini mtu anakuja kubadili jina hana jina? Akatupa muda mpaka leo. Leo shahidi aje, na jina lije.

— Mtu hajiiti mwenyewe, alisema Halil.

Alisema hivyo bila kuwatazama, kwa kuwa kwenye kona alikuwa ametokea dada yake Gulistan, amemshika mkono kikongwe mwenye ushungi wa zambarau. Walikuwa wanatembea polepole, wakisimama kila baada ya nyumba mbili tatu ili mama apumue. Halil akainuka akawakimbilia, na waliobaki wakajisogeza, wakapangusa benchi kwa viganja, wakarekebisha kofia zao.

Bibi Zemzem alipofika, kila mmoja alimbusu mkono na kuugusisha kwenye paji la uso. Akaketi mahali pa Jemal. Abuzer akampa kahawa, naye akainywa yote kama wanaume wanavyokunywa, wala hakukunja uso.

— Nzuri, alisema. Mwanangu, nani amekufundisha?

— Marehemu baba, mama.

— Mungu amrehemu.

Jemal akainama mbele yake, akapaza sauti kama anazungumza na mtu aliyeko ng'ambo ya mto.

— Mama yetu! Hakimu atakuuliza maswali mawili tu!

— Usinipigie kelele, mwanangu. Masikio yangu mazima.

— Samahani, mama. Maswali mawili. La kwanza, mwanao Halil, yule mkubwa, yuko wapi. Utasema alikufa.

Bibi alikuwa anakizungusha kikombe kitupu mkononi, na Abuzer hakuthubutu kukidai.

— La pili, huyu hapa aitwe nani.

Hapo Halil akachuchumaa mbele ya mama yake, magoti yakalia. Swali hili hakuwahi kumuuliza, hata utotoni, hata siku ile ya harusi shangazi alipoteleza ulimi. Alikuwa amelitunza, akidhani kwamba ndani ya mama yake kuna jina limekaa linamngoja.

— Mama, alisema. Siku niliyozaliwa, kabla babu hajasema Halil amerudi. Wewe ulikuwa umenichagulia jina gani?

— Sikuchagua.

— Hata moyoni?

Bibi Zemzem akamtazama, kisha akatazama barabara.

— Nilikuwa na jina la kike, alisema. Nurjan. Mimba yako yote nilimwomba Mungu aniletee msichana. Msichana wasingeweza kumpa karatasi ya Halil. Halafu ukatoka, mkunga akasema mvulana. Babu yako akapiga bunduki hewani, watu wakashangilia uani, Halil amerudi, Halil amerudi. Mimi nikageukia ukutani. Kumlilia yule wa kwanza walikuwa wamenikataza, eti nitakudhuru wewe tumboni. Nikangoja nijifungue nilie. Nilipojifungua wakaniambia, unalia nini, si huyu hapa?

Gulistan akaweka mkono mdomoni. Vakkas Rufaa akatazama pembeni, akaanza kupenga kamasi kwa nguvu zisizohitajika.

— Maziwa sikukunyima, alisema bibi.

— Hukuninyima, mama.

— Nilikunyonyesha mpaka ukashiba.

— Najua, mama.

Halil aliendelea kuchuchumaa pale pale. Kitu alichokitunza miaka yote kilikuwa kimemwanguka, na alishangaa kwamba hakumwonea mama yake hasira. Aliona uchungu tu, na chini ya uchungu ule aibu kidogo, kama mtu aliyefika kwenye karamu akakuta hakualikwa. Jemal akamshika bega, kisha akasema na bibi kwa sauti ya chini ambayo benchi halikuwahi kuisikia kwake.

— Mama yetu, basi leo ndiyo siku ya kumlilia. Wakati ule walikukataza; leo hakuna wa kukukataza. Ingia useme alikufa. Umlilie, sisi sote tutakuja kukupa pole. Jina la fundi tutalitafuta pamoja. Naye yule mdogo atapumzika.

— Atapumzika wapi? aliuliza bibi.

— Pale alipo, mama. Kaburini kwake.

Bibi Zemzem akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

— Nyinyi watu wa mjini. Kijijini kwetu Gozeli sasa wanavua samaki. Bwawa lilipokuja, watu wa serikali walipita nyumba kwa nyumba wakiandika makaburi ya kuhamishia mlimani. Mkwe wangu alihamishwa. Wifi yangu aliyenichukia naye alihamishwa, akapewa na jiwe zuri. Nikawaambia, na mwanangu yupo, chini ya mkomamanga, njooni niwaonyeshe. Wakaniuliza jina. Nikasema Halil, mwana wa Muslum. Wakatafuta kwenye karatasi zao. Wakasema, mama, huyu yu hai. Wakakuonyesha kwa kidole wewe, ulikuwa unapakia magodoro kwenye lori.

Halil aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka vumbi, na magodoro, na mama yake amesimama chini ya jua na watu wenye kofia, na baba yake akimfokea. Mama alikuwa amegeuka akamtazama kwa muda mrefu. Yeye, kijana mwenye nguvu zake, hajui linalosemwa, alimpungia mkono.

— Nikasema si huyu, aliendelea bibi. Nikasema huyu ni mwingine. Baba yako akaniambia nyamaza, utatufunga wote kwa ajili ya ile karatasi. Nikanyamaza. Maji yakaja.

— Mama, alisema Gulistan, yatosha.

— Haitoshi. Mmeniita niseme, ngojeni niseme. Wangekubali siku ile kwamba amekufa, ningemchimbua kwa vidole hivi nikaondoka naye. Hawakukubali. Sasa hana kaburi, hana jiwe, hana mtu wa kumsomea. Hana mahali pengine isipokuwa hapa.

Akaweka kiganja chake kifuani kwa Halil, juu ya koti la sikukuu.

— Nikiita Halil, mtu anaitika. Hicho ndicho nilichobakiwa nacho. Sasa mnataka niingie mle ndani niseme amekufa. Nitasema. Mimi sikumkatalia huyu kitu. Lakini nyinyi mnaojua sheria niambieni. Nikimtoa kwa huyu, nimweke wapi?

Kwa desturi ya benchi lile, mtu akiuliza saa ngapi hupata majibu matatu na ugomvi juu yake. Safari hii Vakkas hakuwa na kifungu. Jemal aliitazama mashine yake kana kwamba itachapa yenyewe, na Abuzer akawa anapangusa birika lililokuwa safi.

Mlango wa mahakama ukafunguka ng'ambo. Mwita mashauri akatoka kwenye ngazi, akavuta pumzi, akapaza sauti juu ya kelele za magari.

— Halil, mwana wa Muslum! Shauri la jina!

Bibi Zemzem akainua uso kwa haraka, macho yameng'aa, kama mama aliyesikia mtoto wake akicheka uani. Ilikuwa ni kwa nukta moja tu, lakini Halil alikuwa karibu, akaiona. Alikuwa ameuona uso huo maisha yake yote bila kujua unamhusu nani. Akamwonea wivu yule mtoto aliyeko chini ya maji, wivu wa kweli kabisa, na hapo hapo akamhurumia.

Akainuka.

— Wewe kaa hapa na dada, mama. Abuzer, mwongeze kahawa.

— Bila shahidi unaingia kufanya nini? aliuliza Jemal.

— Kuondoa ombi.

— Fundi! Jemal alimshika mkono wa koti. Fikiri kwanza, ndugu yangu. Shahidi ni huyu mmoja. Ukiondoa leo, ukaja kulitaka tena baadaye, hakuna wa kukusemea. Utabaki hivyo hivyo.

— Najua.

— Utazikwa hivyo hivyo!

— Najua, Muhuri. Niache, wananiita.

Akavuka barabara. Hakukawia, maana kuacha jambo hakuna foleni. Hakimu alimuuliza kama analiondoa kwa hiari yake, bwana Halil, naye akasema kwa hiari yake. Akaweka sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Jina lile alikuwa amelifanyia mazoezi tangu utoto.

Aliporudi, Vakkas alikuwa amemfunika bibi miguu kwa koti lake mwenyewe, ingawa hakukuwa na baridi.

— Wamesemaje? aliuliza bibi.

— Wamesema akae, mama.

Bibi akafumba macho. Akasema alhamdulillahi, akairudia, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, yakapita kwenye mikunjo ya uso mpaka kwenye ushungi. Gulistan, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akilia, hata kwa baba yao, hakujua afanye nini na mikono yake. Alipomaliza, bibi akajipangusa, akarudisha kikombe kwa Abuzer, akamshukuru, akajiinua kwa kumshika Halil mkono.

Walikwenda hatua chache, mama na mwana, Gulistan nyuma yao. Mbele ya kijimeza cha Jemal bibi akasimama. Akageuza uso juu, akamtazama Halil vizuri, kama alivyomtazama siku ile ya homa, ila safari hii mkono wake hakuutoa.

— Na wewe? aliuliza. Wewe wamekuweka wapi?

Halil alitaka kujibu. Akamtazama Jemal, akamtazama Vakkas, akamtazama Okkesh, watu wenye jibu la kila kitu, nao wote wakainamisha macho chini. Mkono wa mama yake ulikuwa mwepesi juu ya wake, na ulikuwa bado unangoja.

— Jua limekuwa kali, mama, alisema. Twende nyumbani.